Mkurugenzi si lazima awe mwenye kampuni

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ukidai kuwa aliyeandikishwa mkurugenzi ndiye mwenye kampuni, na hakuna wa kumwondoa. Si kweli. Wenye kampuni ni wanahisa. Mkurugenzi amekabidhiwa kuiongoza. Kwa Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015, wanahisa wanaweza, katika mkutano wao, kumwondoa kwenye cheo hicho kwa zaidi ya nusu ya kura, ilimradi apewe nafasi ya kujitetea. Mkanganyiko unatokana na biashara ndogo, ambako mtu mmoja huwa mwanahisa, mkurugenzi na meneja kwa pamoja. Ukitaka kuhakikisha, omba kwa msajili wa makampuni hati ya CR12: inaonyesha wakurugenzi, wanahisa na hisa za kila mmoja. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Wapo wanaotoa akiba yao kwa kuahidiwa cheo cha ukurugenzi tu, bila hisa hata moja.