Rimu Kuingia Kwenye Gari Si Ushahidi Kwamba Imekaa

Kwenye maduka ya rimu za mtumba, iwe Ilala jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, mteja huwa na swali moja: "Itaingia kwenye gari yangu?" Muuzaji anahesabu matundu, anaipachika mahali pa gurudumu la mbele, nati zinashika, gurudumu linazunguka. Biashara imekwisha. Wiki chache baadaye usukani unatetemeka gari likifika kilomita 80 kwa saa, tairi linasugua madigadi kila abiria watatu wanapokaa nyuma, na fundi anaambiwa abadilishe beringi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunaomba mwenye gari aende dukani na swali jingine: rimu hii itakaa sawasawa na itabeba uzito wa familia yangu? Jibu lake linapatikana kwa kusoma namba chache zilizoandikwa kwenye rimu na kwenye tairi. Muuzaji akikataa kukuonyesha upande wa nyuma wa rimu, ambako namba hizo huandikwa, usinunue.

Tuchukue gari ambalo karibu kila mtaa wa Afrika Mashariki unalo, Toyota Premio au ndugu yake Allion. Yote mawili yana matundu matano ya nati, na duara linalopita katikati ya matundu hayo lina kipenyo cha milimita 100. Ndiyo maana mafundi huandika 5x100. Mark X na Crown nazo zina matundu matano, lakini duara lake ni milimita 114.3. Kwa hiyo kauli ya "ni Toyota na ni matundu matano" haitoshi hata kidogo. Wala jina la gari halitoshi. Corolla Axio iliyotengenezwa kuanzia 2006 ina matundu matano, na Axio ya umbo lililofuata, kuanzia 2012, ina manne. Mwenye gari anayempigia muuzaji simu na kusema "nina Axio" hajamwambia kitu.

Kupima duara hilo ni rahisi. Kwenye rimu ya matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolitazama. Kwenye rimu ya matundu matano hakuna tundu linalolitazama jingine moja kwa moja, kwa hiyo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata milimita 58.8, duara ni 100. Ukipata 67.2, duara ni 114.3. Hapo katikati pana mtego mmoja wa kuogopa. Rimu za Volkswagen, Audi na Mercedes-Benz nyingi ni 5x112, na kwenye kipimo cha jirani kwa jirani zinatofautiana na 114.3 kwa kama milimita 1.35 tu. Jicho halioni tofauti hiyo, na fundi mwenye nguvu ataziingiza nati akidhani ameweza. Kumbe stadi, zile boliti zinazopokea nati, zimevutwa upande, nati hazijakaa kwenye viti vyake, yaani pale zinapokalia kwenye rimu, na kila kilomita inayopita zinalegea au zinakatika. Tunasema bila kusita: rimu ya 112 haifungwi kwenye gari la 114.3, hata kama ni nzuri na bei yake imeshuka.

Baada ya matundu ya nati, angalia tundu kubwa la katikati. Tundu hilo ndilo linalokaa juu ya mdomo wa habu, ile sehemu ya gari inayofungiwa gurudumu, na kuliweka gurudumu katikati kabisa. Habu ya Premio ina kipenyo cha milimita 54.1. Ya Mark X ni 60.1. Subaru Impreza za 5x100 zina 56.1, na Honda nyingi za matundu matano zina 64.1. Hapa ndipo watu wa Premio hunaswa, kwa sababu rimu za Impreza zinapendeza, zinapatikana, na duara lao ni lilelile la 100. Zinaingia bila shida. Lakini zinabaki na nafasi ya milimita moja kila upande wa habu, na nati zikianza kukazwa upande mmoja, gurudumu zima linahama na kukaa nje ya kitovu. Matokeo yake ni mtetemo ambao balansi haiuondoi, kwa sababu mashine ya balansi hulishika gurudumu kwa njia yake yenyewe, si kwa habu ya gari lako. Dawa ni pete nyembamba za plastiki au alumini, kwa nje milimita 56.1 na kwa ndani 54.1, zinazojaza pengo hilo. Ni kitu cha bei ndogo, na wenye maduka wengi hawakitaji mpaka uulize. Kinyume chake hakiwezekani: rimu ya Premio haiingii kwenye habu ya Subaru, na asitokee mtu wa kukushauri uichonge.

Nati nazo zina lugha yake. Stadi ya Toyota ni ya unene wa milimita 12 na hatua ya uzi, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata, ni milimita 1.5. Ya Subaru na Nissan nyingi ni milimita 12 pia, ila hatua ya uzi ni 1.25. Ukinunua rimu za Impreza pamoja na nati zake, ukazilazimisha kwenye stadi za Premio, utaharibu uzi wa stadi zote. Halafu kuna umbo la kiti. Rimu nyingi za alumini za madukani zina kiti cha koni, Honda kwa kawaida hutumia kiti cha mviringo kama umbo la mpira wa kuchezea, na rimu nyingi za alumini za Toyota zilizotoka kiwandani zinataka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Nati ya koni ikikazwa kwenye kiti bapa inagusa ukingo tu. Itaonekana imekaza. Haijakaza.

Sasa tuje kwenye namba inayosababisha ugomvi mwingi kuliko zote, ofseti. Nyuma ya rimu utaona maandishi kama 15x6JJ na pembeni yake 45, au ET45. Hiyo 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, 6 ni upana wake kwa inchi. Namba 45 ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani zaidi kuelekea shokapu. Ikipungua, gurudumu linatoka nje kuelekea madigadi.

Tuseme gari lako lilikuja na rimu ya upana wa inchi 6, ofseti 45, na dukani umependa ya inchi 7, ofseti 35. Nyongeza ya inchi moja ni milimita 25.4, na inagawanyika, 12.7 ndani na 12.7 nje. Ofseti imepungua kwa 10, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje milimita 10. Jumla yake, ukingo wa nje umetoka milimita 22.7 na wa ndani umeingia 2.7 tu. Zaidi ya sentimita mbili za kutoka nje ndizo zinazokwangua madigadi kwenye tuta la Mbezi ukiwa na familia yote ndani. Na si kukwangua tu. Beba ndoo ya maji karibu na mwili, kisha inyooshe mbali kwa mkono. Uzito ni uleule, lakini bega linalia. Beringi ya gurudumu inalia vivyo hivyo ofseti inapopungua, na usukani unakuwa mzito na kuvutavuta barabara ikiwa mbovu. Ushauri wetu kwa gari la familia ni kubaki ndani ya milimita 5 za ofseti ya kiwandani ikiwa upana haujabadilika. Ukitaka kupita hapo, piga hesabu kama niliyoonyesha kabla ya kutoa hela.

Wapo watakaokuambia tatizo la ofseti linamalizwa na spesa, kile kipande cha duara kinachowekwa kati ya habu na rimu. Spesa hula urefu wa stadi. Kwenye stadi ya Toyota, nati inatakiwa kuingia angalau mizunguko 8 kamili, ili uzi ulioshika uwe sawa na unene wa stadi yenyewe. Ukiweka spesa ukahesabu mizunguko mitano, ondoa. Hapo hakuna mjadala.

Kipenyo cha rimu kinavutia zaidi macho, na hapo vijana wetu wanapenda kuruka kutoka 15 hadi 18. Kanuni ni kwamba rimu ikikua, ukuta wa tairi upungue, ili gurudumu zima libaki na kimo kilekile. Tairi la 195/65R15 lina kimo cha milimita 634.5. Hesabu yake ni hii: 195 ni upana wa tairi kwa milimita na 65 ni asilimia ya upana huo inayofanya ukuta, kwa hiyo 195 mara 0.65 ni ukuta wa milimita 126.75, mara mbili kwa juu na chini, jumlisha rimu ya inchi 15, yaani milimita 381. Tairi la 205/55R16 linafika 631.9, karibu sawa kabisa. La 215/45R17 ni 625.3, pungufu kwa asilimia moja na nusu, bado linakubalika. Lakini mtu aliyefunga 205/65R16 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani amefika 672.9, ongezeko la asilimia 6. Dashibodi yake ikisoma 50, anakwenda 53. Kwenye maeneo ya makazi ambako mwendo wa mwisho ni 50, askari mwenye kamera hataisoma dashibodi yake. Sisi tunashauri tofauti isizidi asilimia 2.

Na hapa ndipo ninapotaka wazazi wasome kwa makini. Tairi la 195/65R15 kwa kawaida huandikwa 91 baada ya ukubwa wake, na 91 maana yake ni kubeba kilo 615. Tairi la 215/45R17, ambalo ni pana na linaonekana lenye nguvu zaidi, toleo lake la kawaida huandikwa 87, yaani kilo 545. Umelipa zaidi, ukapoteza kilo 70 kwa kila gurudumu. Gari likiwa na dereva peke yake hutagundua. Utagundua Desemba, ukielekea Moshi na watu watano, mabegi kwenye buti na kiroba cha mchele chini ya miguu ya watoto, lami ikiwa ya moto tangu Chalinze. Tairi la ukubwa huohuo lipo pia kwa 91, lile lililoimarishwa na kuandikwa XL, nalo huhitaji upepo mwingi zaidi ili libebe uzito huo. Dai hilo, au baki na inchi 15.

Kwa gari la familia linalopita barabara za vumbi na mashimo, mimi binafsi nasimamia ukubwa wa kiwandani, na kama lazima kupanda basi inchi moja tu. Ukuta mrefu wa tairi hupokea pigo kabla halijafika kwenye rimu. Ukuta mfupi hauna cha kupokelea, na rimu ya alumini inapinda au inapasuka. Kushuka chini ya ukubwa wa kiwandani nako kuna mpaka wake, kwani rimu ndogo inaweza kugonga kaliperi, kile kifaa kinachobana diski ya breki. Ijaribu kwa kuizungusha kwa mkono gari likiwa juu ya jeki, kabla ya kufunga tairi.

Rimu ya mtumba ikaguliwe bila tairi. Pitisha kidole ukingo wa ndani wote ukitafuta nyufa, na tilia shaka rangi mpya iliyopakwa upande wa nyuma, maana hakuna anayeupamba upande usioonekana bila sababu. Rimu iliyochomelewa kwenye mikono yake au karibu na matundu ya nati, iache. Rimu za Japani huwa na alama ya JWL, kiwango cha nchi hiyo kwa rimu za alumini za magari madogo. Omba kila moja izungushwe kwenye mashine ya balansi na utazame ukingo wake, inayocheza imepinda. Na unaponunua matairi, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Siku ya kufunga, nati zianzwe kwa mkono, zikazwe kwa mtindo wa nyota, na zimalizwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, badala ya mashine ya upepo. Kwa Toyota nyingi za saluni kipimo ni nyutoni mita 103. Upepo usome kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukikumbuka kwamba kibandiko hicho ni cha ukubwa wa kiwandani. 230 iliyoandikwa hapo kwa kilopaskali ni kama 33 kwenye geji ya kijana wa upepo. Baada ya kilomita 100 hivi, rudi ukazie nati tena, rimu zikiwa zimepoa.

Mwisho, fungua buti. Kama rimu mpya zinatumia nati tofauti, zile za zamani zibaki kwenye mfuko pamoja na tairi la akiba, kwa sababu rimu ya chuma iliyoko kwenye buti bado inataka nati zake za asili.