Je, wajua kwa nini kikundi cha akiba kinachomudu msiba hushindwa na mafuriko?

Mwulize mama anayeanika dagaa Kibirizi au Katonga, hapa Kigoma, akiba yake anaiweka wapi. Mara nyingi atakutajia kikundi. Kila wiki wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopeshana, kisha sanduku linafungwa kwa kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, na kwetu umeshika mizizi kwa sababu unasaidia kweli. Mtu akifiwa, hela ya mfuko inatoka siku hiyohiyo.

Sasa kwa nini mfuko huohuo haufui dafu ziwa likipanda?

Kwa sababu umejengwa kwa kutegemea kwamba matatizo hayawafiki wote siku moja. Tuseme wanachama ni 25 na kila mmoja anachangia shilingi 1,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni 1,300,000. Akifiwa mmoja mwezi huu, mwingine akilazwa mwezi ujao, mfuko unahimili. Lakini maji yakiingia nyumba 20 kwa mpigo, kila mmoja anaambulia 65,000. Hapo hujaezeka hata chumba kimoja.

Kuna la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Siku hiyo sanduku lenyewe huwa karibu tupu, maana fedha za hisa zimeshakopeshwa, na waliokopa ni walewale wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Chukua mama aliyekopa ili anunue dagaa wabichi alfajiri, mitumbwi inaporudi. Dagaa wanataka jua kali. Ikinyesha mchana wakiwa bado mchangani, wanalainika, wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, na jioni hakuna mnunuzi anayewatazama. Mama huyo hana rejesho. Jirani yake aliyemdhamini naye hana, kwa kuwa dagaa wake walilowa mvua ileile.

Ziwa Tanganyika nalo lina tabia yake. Maji yake yana mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo; mengi hupungua kwa kugeuka mvuke. Mvua kubwa zikifuatana, kama ilivyokuwa 2020 na 2021, na tena 2024, maji hupanda na kukaa. Msiba una matanga na una arobaini. Uwanja wa kuanikia uliomezwa na ziwa unaweza kukosekana kwa miezi.

Ndiyo maana elimu ya fedha kwa watu wa mwambao isiishie kwenye kuwahimiza waweke akiba. Wanaweka tayari, tena kwa nidhamu kubwa. La kuuliza ni akiba hiyo iko karibu kiasi gani na maji. Sehemu yake ikae mbali na mwalo, kwenye akaunti ya kikundi isiyokopeshwa na isiyoguswa ila kwa maafa ya wengi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi katika daraja la nne, kwa hiyo si jambo la kufanya kwa kificho. Na wanachama wasiwe wa dagaa watupu. Mwenye michikichi Mwandiga na fundi cherehani wa Mwanga hawaanguki siku moja na mwanika dagaa.

Halafu kuna tarehe ya kuvunja kikundi, yaani kugawana akiba ya mwaka na kuanza upya. Vikundi vingi huvunja Desemba. Mgao unakwenda kwenye sikukuu na mahitaji ya shule ya Januari. Lakini mvua za Kigoma ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na ziwa hufikia kimo chake cha juu mwishoni mwa msimu huo. Yaani maji yanapojaa, kikundi kimeanza upya na kina hisa za miezi michache tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa msimu huo mapema, kabla ya mgao. Usomwe kwenye kikao, kila mwanachama ausikie, na hapohapo wakubaliane ni kiasi gani hakitagawanywa Desemba mpaka mvua zikatike.