Jeki Mbili Mkononi: Dhana Zinazowatoa Watu Mashindanoni Mapema

Mkono wenyewe ni uleule kila ninapoletewa. Mashindano ya Texas Hold'em, poka ya karata mbili mkononi na tano za wazi mezani, ndiyo kwanza yamechangamka, mwanafunzi ana rundo zuri la chipu, kagawiwa jeki mbili, kaweka zote kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani), kakutana na malkia wawili, katoka. Nikimuuliza sababu, jibu nalo halibadiliki: "Mwalimu, jeki ni dhaifu, nilitaka kuzilinda nisije nikaona ree kwenye flopu." Nimelijibu hili kwa mtu mmoja mmoja hadi nimechoka. Leo nalijibu kwa wote, na kwa hesabu.

Dhana: ukiweka zote mapema, umezilinda

Chukua meza ya watu tisa. Blaindi, yaani madau ya lazima ya wachezaji wawili kabla ya kuona karata, ni 500 na 1,000, na ante, mchango wa lazima wa meza nzima, ni 1,000, inalipwa na aliye kwenye blaindi kubwa. Kabla hujagusa chipu, poti, yaani chipu zinazogombewa, ina 2,500. Wewe ndiye wa kwanza kuamua, una 50,000, yaani blaindi kubwa 50, na jeki zako mbili.

Ukisukuma zote, nani atakulipa, yaani ataweka kiasi kilekile akabiliane nawe? Mchezaji makini hawezi kulipa blaindi 50 kwa tisa mbili. Kumi mbili atazitupa. Ree na malkia atazitupa pia, tena bila kuumia sana. Wanaobaki ni wenye malkia wawili, wafalme wawili, ree mbili, na ree na mfalme. Sasa wahesabu. Kila jozi kati ya hizo tatu inaweza kugawiwa kwa njia 6, hivyo ni 18. Ree na mfalme ni njia 16. Jumla 34. Dhidi ya zile 18, unashinda chini ya mara moja kwa tano. Dhidi ya zile 16, unashinda asilimia 56 hivi. Changanya zote: ukilipwa, unashinda asilimia 36 tu. Mkono uliouona mzuri umeugeuza mwenyewe kuwa mkono ulio nyuma.

Nyuma yako wapo watu wanane. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao ameshika mojawapo ya mikono hiyo 34 ni kama mara moja kwa tano. Mara nne kwa tano, basi, unaokota zile 2,500. Mara ya tano unaingia kwenye poti ya zaidi ya 100,000 ukiwa nyuma, na wastani wa hasara yako hapo unakaribia chipu 12,800. Weka pamoja faida na hasara: kila unaposukuma namna hiyo, kwa wastani unapoteza chipu kama 600. Anayezitupa jeki zake bila kuzicheza kabisa anapoteza sifuri. Nisikilizeni vizuri hapa: mbele ya meza makini, hicho mnachokiita kuzilinda ni kibaya kuliko kuzitupa.

Sasa tazama kinachotokea ukipandisha kawaida, 2,200 mpaka 2,500. Watakuja wenye kumi mbili, tisa mbili, nane mbili, na wenye ree na malkia. Hesabu njia zao: 6, 6, 6 na 16. Nao ni 34! Hawa wote uko mbele yao kabla ya flopu, na dhidi ya zile jozi ndogo uko mbele kwa mbali, zaidi ya asilimia 80 kwa wastani. Hawa ndio wanaokulisha. Ukisukuma zote unawafukuza hao 34 na kuwakaribisha wale 34 wengine. Jeki zinalindwa kwa kuhakikisha pesa inaingia mikono dhaifu ikiwa bado ndani ya mchezo, na dau la kiasi ndilo linalofanya kazi hiyo.

Akija mtu kukupandishia tena mpaka 6,000 au 7,000, usishtuke. Kwa kina cha blaindi 50, mara nyingi nawaambia wanafunzi wangu wafuate tu, waione flopu, hasa ikiwa aliyepandisha ni mtu wa geresha nyingi. Ukimrudishia zote, geresha zake zote atazitupa na utabaki na wafalme wake.

Kuweka zote hakujakatazwa. Ukiwa na blaindi 12, sukuma wala usifikirie, kwa sababu watu watakulipa kwa nane mbili, kwa ree na kumi, kwa vitu unavyovipiga. Ukiwa na 20 au 25 na mtu amepandisha kutoka batani, kiti cha mgawaji, sukuma juu yake, kwani aliye batani anapandisha kwa karata nyingi mno. Kosa ni kusukuma ukiwa na kina kirefu huku hakuna aliyeonyesha chochote, kwa sababu ya woga tu. Woga wenyewe nauelewa, ila flopu si adui yako. Ukiwa na blaindi 50, kuiona flopu ni haki uliyoinunua.

Dhana: ikitokea karata kubwa kwenye flopu, umeshapigwa

Ni kweli kwamba kwa jeki mbili, angalau karata moja kubwa kuliko jeki hutokea kwenye flopu asilimia 57 ya mara. Ukijitoa kila inapotokea, unatupa mkono wako zaidi ya nusu ya wakati, na kila mtu mezani atajua.

Tuseme umepandisha, blaindi kubwa peke yake kafuata, flopu imekuja mfalme, saba, mbili, za rangi tofauti. Wafalme waliobaki ni watatu katika karata 47 usizoziona. Mtu mwenye karata mbili zozote ana mfalme mara moja kwa nane. Sawa, alifuata kwa hiari, kwa hiyo ongeza kidogo. Hata ukiizidisha mara mbili, mara nyingi hana. Weka dau dogo, theluthi ya poti. Akifuata, piga breki na ujaribu kufika mwisho kwa bei nafuu. Akikurudishia kwa nguvu naye ni mtu mtulivu, tupa, nenda zako.

Ree ni jambo jingine kidogo, kwa sababu watu hawapendi kuitupa kabla ya flopu. Na kama mko wanne kwenye poti na ree imetua, hapo sina ugomvi na anayekaa kimya.

Dhana: ingia kimyakimya kwa bei ya blaindi, uwatege

Hapana. Jeki mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda asilimia 77 hivi. Dhidi ya wanne zinashuka mpaka karibu 40. Hata ree mbili, mkono bora kuliko yote, hushuka kutoka 85 hadi 56 hivi dhidi ya wanne. Ukikataa kupandisha, unawaalika wote wanne kwa bei ya bure, halafu unalalamika mmoja akipata jozi mbili za ajabu.

Dhana: jeki zina mkosi

Unazikumbuka zilizokuumiza tu. Jozi nyingine nazo huumiza. Kwenye World Series of Poker ya 2003, ubingwa wa dunia wa poka, wakiwa wamebaki kumi, mchezaji mashuhuri Phil Ivey alikuwa na tisa mbili dhidi ya ree na malkia wa Chris Moneymaker. Flopu ilileta malkia wawili na sita. Karata ya nne ilikuwa tisa, Ivey akashika full house, yaani tatu za aina moja na jozi. Zilibaki karata 7 kati ya 44 za kumwokoa Moneymaker, na ree ikaanguka. Ivey alitoka akiwa wa kumi, Moneymaker akachukua ubingwa na dola milioni 2.5. Pesa ya Ivey ilipoingia yote alikuwa mbele kwa asilimia 84. Huo ni mchezo mzuri, hata kama ulimtoa.

Dhana: jeki zina thamani moja mwanzo hadi mwisho wa mashindano

Hii huwaumiza hata wazoefu. Mmebaki wanne, zawadi ni tatu: asilimia 50, 30 na 20 za mfuko. Mna chipu sawa, kwa hiyo kila mmoja ana thamani ya asilimia 25. Mmoja anasukuma zote, nawe una jeki. Ukilipa na kushinda, una nusu ya chipu zote, lakini thamani yako kwa hesabu ya ICM, inayogeuza chipu kuwa sehemu ya zawadi, ni asilimia 38.3, haifiki 50. Ukishindwa, huna kitu. Kwa hiyo unahitaji kushinda zaidi ya asilimia 65 ndipo kulipa kulipe.

Dhidi ya mtu anayesukuma karata yoyote kutoka blaindi ndogo, una 77. Lipa haraka. Dhidi ya mtu mgumu aliyekaa kimya saa nzima, anayesukuma nane mbili kwenda juu na ree zenye jeki au zaidi, uko karibu na nusu kwa nusu. Tupa, tena usimwonyeshe mtu. Na kama hakuna aliyefungua, sukuma wewe, kwa sababu sasa wao ndio wanaohitaji ile 65.