Je, Wajua kwa Nini Diski C Hujaa Hata Baada ya Programu Kuelekezwa Diski D?

Mtumiaji wa Windows anapoona diski C imebakiwa na nafasi ndogo, mara nyingi hufungua mipangilio ya hifadhi na kuagiza kwamba programu mpya ziwekwe katika diski D. Kompyuta hulipokea agizo hilo bila kipingamizi, lakini baada ya muda onyo la kujaa kwa diski C hutokea tena. Si kwamba kompyuta imekaidi, bali agizo lenyewe lina mipaka ambayo mipangilio ile haiielezi waziwazi.

Mpaka wa kwanza ni kwamba agizo hilo huzihusu tu programu zinazopakuliwa kutoka Microsoft Store, yaani duka la programu la Windows, tena zile zitakazosakinishwa baada ya agizo kutolewa. Zilizotangulia hubaki zilipo mpaka mtumiaji aende katika orodha ya programu zilizosakinishwa na kuzihamisha moja baada ya nyingine, na zipo ambazo hazikubali kuhamishwa kabisa. Aidha, diski inayopokea programu hizo sharti iwe imeumbizwa kwa NTFS, ambao ni mfumo wa kupanga faili katika diski, na kwa hiyo diski ya nje yenye mfumo wa exFAT haitafaa kwa kazi hiyo.

Programu nyingine, yaani zile zinazopakuliwa kwenye tovuti za watengenezaji zikiwa faili za exe, hazifuati agizo hilo hata kidogo. Kila moja huja na kisakinishi chake, na kisakinishi hicho kwa kawaida huiuliza Windows mahali programu zinapokaa, kikajibiwa C:\Program Files. Visakinishi vingine humruhusu mtumiaji kubadili mahali hapo, ingawa nafasi hiyo mara nyingi imefichwa ndani ya chaguo la usakinishaji maalumu, ambalo anayebofya kwa haraka hulipita bila kuliona. Google Chrome haiulizi lolote. Huenda moja kwa moja katika diski C. Steam, programu ya kununua na kucheza michezo ya kompyuta, kinyume chake, humwezesha mchezaji kufungua maktaba ya michezo katika diski yoyote aitakayo, jambo la busara kwa kuwa mchezo mmoja wa kisasa huweza kuzidi GB 100. Wapo wanaoingia katika sajili ya Windows (registry), yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na programu, na kulibadilisha jibu lile la C:\Program Files, lakini Microsoft yenyewe imeeleza kuwa haiungi mkono mabadiliko hayo, na sioni sababu ya mtu kujitafutia matatizo ya namna hiyo.

Hata pale mtumiaji alipochagua diski D kwa usahihi, bado sehemu ya programu hubaki C, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Programu iliyosakinishwa haikai ndani ya folda moja. Mipangilio yake pamoja na faili zake za muda huwekwa katika AppData, ndani ya folda ya mtumiaji. Data inayotumiwa na watumiaji wote huenda katika folda ya ProgramData. Na programu nyingi huacha nakala ya kisakinishi katika C:\Windows\Installer ili ziweze kukarabatiwa au kuondolewa baadaye. Kivinjari au programu ya kuhariri video huweza kukusanya katika AppData data nyingi kuliko ukubwa wa programu yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, kuikata folda ya programu na kuibandika D hakusaidii: sajili, njia za mkato na huduma za mfumo bado zinaelekeza mahali pa zamani, na programu hushindwa kufunguka. Njia salama ni kuiondoa na kuisakinisha upya.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini diski kuu iitwe C na si A. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia diski laini (floppy), na herufi A na B zilitengwa kwa ajili yake. Diski ngumu ya MB 10 iliyokuja na modeli ya XT mwaka 1983 ikapewa herufi iliyofuata. Diski laini zimetoweka, herufi zake zimebaki bila mwenyewe.

Kwa maoni yangu, kinachofaa kuhamishwa kwanza ni faili za mtumiaji, si programu. Folda za video, picha na vilivyopakuliwa huhamishwa kwa kubadili mahali pake katika sifa za folda husika, na nafasi inayopatikana mara nyingi ni kubwa kuliko ile ya kuhamisha programu kumi ndogo. Ikiwa C ni SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, na D ni diski ngumu ya kuzunguka, programu inayotumika kila siku ikihamishiwa D itafunguka polepole zaidi, kwa hiyo ni heri ibaki ilipo. Ikiwa D ni diski ya nje inayochomekwa kwa USB, programu zilizomo hazitafunguka wakati imechomolewa. Na ikiwa C na D ni vipande viwili vya diski moja, inawezekana kuichukua nafasi ya D na kuiongezea C, mradi nafasi iliyoachwa wazi iwe mara tu baada ya C, kwani kifaa cha Windows cha kusimamia diski hakiwezi kuruka kipande kilichopo katikati.