Picha za 3D hazihitaji mashine ya bei mbaya

Hapa Kigoma wengi wanaamini picha za 3D, zile zinazoonekana kuwa na kina, ni mambo ya kumbi za sinema za Dar es Salaam, na kwamba ni teknolojia ya juzijuzi. Si kweli. Mwingereza Charles Wheatstone alieleza siri yake mwaka 1838, mwaka mmoja kabla njia ya Daguerre ya kupiga picha haijatangazwa kule Ufaransa. Alitumia michoro ya mkono na vioo viwili.

Siri yenyewe ni macho. Yameachana kwa sentimita sita hivi, kila moja linaona kitu kutoka upande wake, na ubongo unatumia tofauti hiyo kupima umbali. Kinachotakiwa basi ni picha mbili, si simu yenye kamera tatu. Nenda mwaloni Kibirizi, simama mita mbili kutoka kwenye chanja ya dagaa, piga picha. Sogeza simu kulia sentimita sita au saba bila kuiinamisha, piga ya pili. Dagaa wametulia, watatoka vizuri. Mtumbwi unaoyumba majini utakusumbua, maana hadi unapiga ya pili umeshahama.

Kuna wanaodhani sentimita hizo zinatosha kwa kila kitu. Hapana. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa itabaki bapa. Wapiga picha hugawa kwa 30 umbali wa kitu kilicho karibu zaidi: kikiwa mita 15, sogea nusu mita.

Kuziunganisha picha hizo mbili ziwe moja kuna GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Chukua rangi nyekundu kutoka picha ya kushoto, kijani na bluu kutoka ya kulia. Miwani ya kuitazamia, ili kila jicho lione picha yake, kata kwenye boksi. Jicho la kushoto weka nailoni nyekundu inayopitisha mwanga, la kulia ya bluu iliyoelekea kijani. Ijaribu kwanza: andika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi nyeupe, tazama kupitia nailoni nyekundu. Maandishi yakipotea, inafaa. Yakionekana bado, ongeza tabaka la pili.

"Miwani hiyo inaharibu macho." Nimesikia wazazi wakiwanyang'anya watoto kwa hofu hii, na inaniuma. Haiharibu. Kichwa kikigonga, mara nyingi picha moja imekaa juu kuliko mwenzake. Zisawazishe, pumzika kidogo. Na asiyeona kina chochote asiitwe mbishi. Aliyekua na makengeza huenda ubongo wake haukujifunza kuunganisha macho mawili, na huyo anastahili kupelekwa kwa daktari wa macho, si kuchekwa.

Printa za 3D, mashine zinazotengeneza vitu vya kushikika, nazo zina uvumi wake, kwamba unaipa picha moja ya spea na spea inatoka. Printa inataka umbo kamili, ulilolichora kwa programu kama Blender, ambayo nayo ni bure, au ulilolijenga kwa picha nyingi za kitu kilekile kutoka pande zote. Kisha inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka kwa tabaka, kila moja kama sehemu ya tano ya milimita, kwa hiyo kitu kidogo tu huchukua saa kadhaa. Plastiki inayotumika sana, PLA, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Usiitumie kwa kifaa kitakachokaa karibu na injini ya boti.