Wakili wa Bett: Theodore Sedgwick na sentensi moja ya Katiba

Ibara ya 12(1) ya Katiba yetu ya Tanzania inasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Katika kazi ya uwakili na ya kuwafundisha mawakili wachanga, nimeambiwa mara nyingi kwamba sentensi hiyo ni pambo, na kwamba madai lazima yasimame juu ya kifungu kingine chenye meno. Sikubaliani. Sababu yangu ni kesi ya mwaka 1781 iliyosikilizwa Great Barrington, mji mdogo wa magharibi mwa Massachusetts.

Wakili wa wadai aliitwa Theodore Sedgwick. Alizaliwa Connecticut mwaka 1746, akaingia Chuo cha Yale na kutoka bila shahada, akaanza kusoma theolojia, akaiacha, kisha akajifunza sheria chini ya wakili mzoefu kama ilivyokuwa desturi ya enzi hizo. Mwaka 1766 alikuwa tayari wakili. Mwaka 1773, kabla ya vita vya uhuru wa Marekani, alikuwa kwenye kamati iliyokutana nyumbani kwa Kanali John Ashley, tajiri wa mji wa Sheffield huko Massachusetts, kuandaa maazimio dhidi ya serikali ya Uingereza. Azimio la kwanza lilitamka kwamba binadamu kwa asili yao ni sawa, huru, na hakuna aliye chini ya mwenzake. Nyumba hiyohiyo ilikuwa na watumwa, na mmoja wao ni mwanamke aliyeitwa Bett.

Siku moja Hannah, mke wa Ashley, alinyanyua sepetu la jikoni lililoiva kwa moto ampige Lizzy, ambaye masimulizi yanamtaja kuwa mdogo wake Bett. Bett akaingia kati, pigo likaangukia mkono wake. Catharine, binti wa Sedgwick aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, ametuachia maelezo ya Bett mwenyewe: jeraha hakulifunika. Mtu akimuuliza mbele ya bibi huyo mkono umepatwa na nini, alijibu tu, muulize bibi. Hajui kusoma wala kuandika, lakini alijua ushahidi hauwekwi kabatini.

Katiba ya Massachusetts ya mwaka 1780 ilianza tamko lake la haki kwa kusema kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett akamwendea Sedgwick, yuleyule aliyekaa kwa bwana wake akiandika habari za usawa, akataka maneno hayo yamhusu yeye pia.

Hapa ndipo ninapopenda kusimama na wanafunzi wangu. Sedgwick hakuiomba mahakama ifute utumwa. Aliomba hati ya replevini, amri ya kumtaka mtu aachie anachokishikilia bila haki. Ni hati ya siku zote, ya mtu aliyeshikiliwa ng'ombe au vyombo vyake, ingawa sheria ya Uingereza ilikuwa imeshaifikisha hata kwa binadamu anayezuiliwa. Sherifu akaipeleka kwa Ashley, kazi ambayo huku kwetu ingeangukia kwa dalali wa mahakama. Ashley akakataa, akidai hao ni watumishi wake wa maisha. Kwa jibu hilo akawa amelileta mwenyewe swali mbele ya mahakama: wake kwa sheria gani?

Mdai mwingine alikuwa Brom, mwanamume mtumwa wa Ashley. Upande wa mawakili, Sedgwick alisaidiwa na Tapping Reeve wa Litchfield, ambaye baadaye alianzisha shule ya sheria iliyovuma sana. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna sheria ya Massachusetts iliyowahi kuuhalalisha utumwa, na hata kama ingekuwepo, Katiba mpya imeifuta. Mwezi Agosti jopo la raia likaamua kwamba Brom na Bett hawakuwa mali halali ya Ashley, hata siku hati ilipoombwa. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Jopo halikuwapa uhuru. Lilitamka kwamba walikuwa huru kabla hawajafika mahakamani. Wakapata fidia ya shilingi 30 na gharama za kesi. Ashley akakata rufaa, kisha akaiondoa.

Bett akajiita Elizabeth Freeman. Ashley alimwomba arudi kwa mshahara, akakataa, akaenda kufanya kazi kwa akina Sedgwick. Alifariki mwaka 1829 na amezikwa katika eneo la makaburi la familia hiyo huko Stockbridge.

Siasa za Sedgwick zilikuwa ndefu: Baraza la Wawakilishi kuanzia Bunge la kwanza la mwaka 1789, Seneti, kisha Spika. Ndiye aliyekalia kiti Februari 1801 wawakilishi walipopiga kura mara 36 kumchagua Thomas Jefferson kuwa Rais dhidi ya Aaron Burr. Lakini mwaka 1791 alikuwa pia kwenye kamati iliyoandaa muswada wa kuwarudisha watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Mkono ulioandika hoja ya Bett uliweka nguvu yake huko, na linaniuma kila ninapolifikia katika somo.

Kuanzia 1802 alikuwa jaji wa mahakama ya juu ya Massachusetts. Mwaka 1810 ikaja kesi ya Greenwood dhidi ya Curtis, kuhusu mkataba wa biashara uliofungwa pwani ya Afrika Magharibi, ambao sehemu ya malipo yake ilikuwa watumwa. Jaji Mkuu Theophilus Parsons aliona mdai alipwe anachodai. Sedgwick, akiwa amevuka umri wa miaka 60, na miaka mitatu tu kabla ya kifo chake, aliandika hukumu ya kupinga: mkataba wa kuuza watu ni uovu, na mahakama isiukusanyie deni.