Je, wajua kwa nini beki huyu wa Boston amechongewa sanamu akiwa hewani?

Nje ya uwanja wa TD Garden mjini Boston, Marekani, kuna sanamu ya shaba ya mchezaji wa hoki ya barafuni anayepaa kifudifudi, mikono mbele, gongo mkononi. Asiyemjua atasema ni kipa anayepangua. Kumbe ni beki: Bobby Orr, Mkanada kutoka mji mdogo wa Parry Sound, jezi namba 4.

Ilikuwa tarehe 10 Mei 1970, fainali ya Kombe la Stanley (kombe la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini), Boston Bruins na St. Louis Blues. Ngoma 3–3, muda wa nyongeza, na hapo akitangulia mtu kufunga, mechi imekwisha. Sekunde ya 40, Orr ananasa kisahani (kwenye hoki hii ndicho "mpira" wenyewe) pembeni, karibu na lango la wapinzani. Anampa mwenzake Derek Sanderson nyuma ya goli, halafu haondoki kurudi kulinda. Anachanja mbuga kuelekea golini. Anarudishiwa, anampiga kipa Glenn Hall tobo. Beki Noel Picard akamkwatua kwa gongo, lakini amechelewa. Orr alipaa akiwa tayari anashangilia. Boston walikuwa hawajalibeba kombe hilo tangu 1941.

Beki alifuata nini kule mbele? Ndiyo hasa habari yenyewe. Mabeki wengi wa enzi zile kazi yao ilikuwa kukaba, kubutua na kuwaachia washambuliaji. Orr alikuwa na kasi ya ajabu kwenye barafu, basi akipata kisahani nyuma hakibutui. Anakikokota mwenyewe kutoka mwisho hadi mwisho, na akipokonywa anawahi kurudi. Msimu huo aliongoza ligi nzima kwa pointi 120 (bao ni pointi, pasi ya bao nayo ni pointi). Akarudia msimu wa 1974–75. Hakuna beki mwingine aliyewahi kuongoza chati hiyo.

Kilichomwangusha ni goti la kushoto, lililopasuliwa mara nyingi mno. Alihamia Chicago mwaka 1976, akaambulia mechi 26 tu, na 1978 akastaafu akiwa na miaka 30.

Rekodi yake ya pointi 139 kwa beki, ya msimu wa 1970–71, bado ipo. Paul Coffey aliikaribia msimu wa 1985–86: alipata 138.